Joto la Mkanda wa Skuta: Tulipime Kabla Haujakatika

Matini ya mazungumzo ya elimu kwa mlaji, yaliyotolewa mbele ya wamiliki na waendeshaji wa skuta, Dar es Salaam



Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya bei, vipimo, lebo na risiti. Leo tumekuja na kitu kimoja kidogo ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona kwa macho, ingawa kila siku mnakikalia karibu: mkanda wa mpira uliomo ndani ya kava la kushoto la skuta. Tumeuchagua kwa sababu mlaji anayefika kwetu na mkanda uliokatika huwa amekwisha kuchelewa. Skuta imesimama, risiti haipo, fundi anamlaumu muuzaji, na muuzaji anamlaumu fundi. Kumbe mara nyingi mkanda huo ulikuwa umetoa taarifa siku nyingi kabla ya kukatika, na taarifa yenyewe ilikuwa joto.

Turuhusuni tuanze na habari ya mwenzetu mmoja wa ofisini. Yeye hutoka Kimara kila asubuhi kwa skuta, akiwa amempakia mwanawe wa darasa la pili ili amshushe shuleni. Alikuwa amebadilisha mkanda wiki chache tu kabla. Siku tatu mfululizo, jioni katika foleni, alisikia harufu ya mpira ulioungua. Alidhani ni matairi au breki za malori yaliyokuwa mbele yake. Siku ya nne asubuhi, akiwa katikati ya makutano ya barabara na mtoto yuko nyuma, injini ilinguruma ghafla na skuta ikaishiwa nguvu papo hapo. Lori lililokuwa likimfuata lilifunga breki na kusimama hatua chache nyuma yake. Wapita njia ndio waliomsaidia kuisukuma skuta hadi pembeni.

Fundi alipofungua kava, alitoa vipande vya mpira na nyuzi zilizochanika. Maandishi ya chapa yaliyokuwa kwenye mkanda yalifutika kwa kusuguliwa kwa kidole gumba. Alipourudisha dukani, aliulizwa risiti, naye hakuwa nayo. Mtoto alifika shuleni salama, na hilo ndilo kubwa. Lakini sisi ambao kazi yetu ni kuwaonya wengine tulijifunza siku ile kwamba onyo lilikuwapo, na hakuna aliyelisoma.

Mkanda unafanya kazi gani

Skuta ya otomatiki haina mnyororo wala gia za kubadilisha kwa mguu. Nguvu ya injini huvuka kwenda gurudumu la nyuma kwa njia ya mkanda mmoja wenye umbo la V, unaozunguka baina ya puli mbili. Puli ya mbele imefungwa kwenye shafti ya injini. Puli ya nyuma imekaa pamoja na klachi. Kila puli ina sahani mbili zenye mteremko zinazotazamana, na mkanda hubanwa katikati yake.

Injini inapozunguka taratibu, sahani za mbele huachana na mkanda hukaa chini, karibu na shafti. Hapo skuta huwa kama gari lililo katika gia ya kwanza. Injini inapoongeza mzunguko, rola ndogo zilizomo nyuma ya sahani moja hurushwa kuelekea nje, huisukuma sahani hiyo, na mkanda hupanda juu. Wakati huohuo sahani za puli ya nyuma huachana na mkanda hushuka. Ndivyo skuta inavyobadili mwendo pasipo mwendeshaji kugusa kitu chochote isipokuwa akseleta.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba mkanda huu haushiki puli kwa meno. Meno mnayoyaona upande wake wa ndani yamewekwa ili upinde kwa urahisi. Kushika kwake kote kunatokana na kubanwa ubavuni. Kwa hiyo kila kinachopunguza kubanwa huko, kama vile mafuta, maji, vumbi, au upana uliokwisha kulika, huufanya mkanda uteleze, na mkanda unaoteleza hupata moto.

Joto hutoka wapi

Vyanzo vyake ni vitatu. Cha kwanza ni kupinda: mkanda hukunjwa na kunyooshwa mara nyingi sana kila dakika, na mpira unaokunjwa hutoa joto kutoka ndani yake wenyewe. Cha pili ni msuguano wa kuteleza, hasa wakati wa kuondoka, wa kupanda mlima, au skuta inapolemewa na mzigo. Cha tatu ni majirani zake, yaani injini iliyo ubavuni na klachi iliyo nyuma.

Watengenezaji walilijua hilo. Ndiyo maana puli ya mbele ya skuta nyingi ina mapezi kama ya feni yanayovuta hewa ya nje, kuipitisha juu ya mkanda na kuitoa. Mara nyingi hewa hiyo huingia kupitia sponji ndogo ya kuchuja vumbi. Injini ikizunguka taratibu katika foleni, feni nayo huvuta hewa kidogo. Sponji ikijaa vumbi, hewa hupungua hata kama injini inazunguka kwa kasi.

Mafundi wa mikanda ya mpira wana kanuni ya jumla inayofaa kukaririwa: kila joto la mkanda linapozidi kawaida yake kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Tuchukue mfano wa mkanda ambao ungedumu kilomita 20,000. Ukiendeshwa wakati wote nyuzi 10 juu ya kawaida, huenda ukaishia kilomita 10,000. Ukizidishwa nyuzi 20, huenda usivuke 5,000. Mpira uliopikwa hivyo hukauka, hung'aa ubavuni, hupata nyufa, kisha nyuzi za ndani zinazobeba nguvu huanza kuachana nao.

Somo kutoka penye theluji

Huenda mtu akasema: hili ni tatizo la jua letu la Dar es Salaam. Jua lina mchango wake, lakini sicho chanzo. Huko Canada na katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, watu hutumia pikipiki za theluji, ambazo nazo huendeshwa kwa mkanda wa mpira na puli mbili kama za skuta, ila kubwa zaidi. Hewa inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na bado mkanda ukaungua hadi kukatika, kwa kuwa joto lake linazaliwa ndani ya kava.

Kwa mwendeshaji wa kule, mkanda kukatika mbali na watu ni hatari ya kufa kwa baridi. Kwa hiyo wana desturi mbili. Ya kwanza ni kubeba mkanda wa akiba kila safari. Ya pili, kwa walio makini zaidi, ni kufunga ndani ya kava kihisio kinachosoma joto la mkanda pasipo kuugusa, na kuonyesha namba mbele ya mwendeshaji. Namba ikipanda kukaribia nyuzi 100, hulegeza akseleta au husimama kabla mpira haujaharibika.

Sisi hatuwaombi mnunue vifaa hivyo. Tunawaomba mchukue wazo lake: kwamba joto la mkanda linaweza kufuatiliwa, na kwamba anayelifuatilia hupata nafasi ya kuchukua hatua kabla ya kuharibikiwa njiani.

Dalili zisizohitaji kipimo

Dalili ya mvua ni mawingu, nazo dalili za mkanda unaopata moto zinatambulika na kila mtu.

Harufu ya mpira ulioungua inayokufuata hata ukiwa peke yako barabarani ni ya skuta yako. Usiitafutie mwenyewe mwingine.

Injini kunguruma huku mwendo ukibaki uleule ni alama ya kuteleza. Vivyo hivyo skuta kutetemeka au kushtuka wakati wa kuondoka, ingawa hapo klachi nayo inaweza kuhusika.

Kasi ya juu kupungua pole pole ni alama ya mkanda uliolika upana. Mkanda mwembamba hauwezi tena kupanda hadi ukingoni mwa puli ya mbele. Mwendeshaji huizoea hali hiyo na kudhani injini imezeeka.

Fundi anapofungua kava, kuwepo kwa vumbi jeusi kidogo ni jambo la kawaida. Vipande vya mpira, nyuzi zilizochomoza, au ubavu wa mkanda unaong'aa kama kioo si jambo la kawaida. Mwombe apime upana kwa vernia na aulinganishe na kiwango cha mwisho kilichoandikwa katika kitabu cha skuta yako. Kwa skuta nyingi, tofauti baina ya mkanda mpya na mkanda wa kutupwa ni milimita moja hivi, au moja na nusu. Jicho peke yake haliwezi kuiona tofauti hiyo.

Namna ya kupima

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kinachohitajika ni kipimajoto cha mafundi chenye umbo la bastola, kinachosoma joto la kitu kwa mbali. Tahadhari: kile tulichokizoea wakati wa Uviko, cha kupima paji la uso, hakifai. Kimetengenezwa kwa ajili ya joto la mwili, na hakisomi kitu chenye moto zaidi ya hapo. Ikiwa gharama ni kubwa kwa mtu mmoja, kikundi cha waendeshaji wa kijiwe kimoja kinaweza kununua kimoja na kukitumia pamoja.

Hatua ni hizi:

1. Anza wakati skuta ni nzima, baada ya matengenezo na ukiwa na mkanda unaojua kuwa ni mzuri. Usipoijua kawaida yake, hutaweza kuutambua ugonjwa wake.

2. Safisha sehemu mbili za kava la kushoto, moja iliyo mbele ya puli ya mbele na nyingine iliyo mbele ya puli ya nyuma. Bandika kila sehemu kipande kidogo cha selotepu nyeusi ya mafundi umeme. Chuma kinachong'aa hukidanganya kipimajoto hiki, kikaonyesha joto dogo kuliko lililopo. Selotepu nyeusi huondoa udanganyifu huo.

3. Chagua njia moja unayoipita mara kwa mara, yenye mwendo wa dakika 20 au zaidi. Pima ukiwa na mzigo uleule na katika saa zinazokaribiana.

4. Ukifika, zima injini, weka stendi kubwa, na upime ndani ya dakika moja. Shika kipimajoto karibu, kiasi cha shubiri moja, kikitazama selotepu moja kwa moja.

5. Andika tarehe, kilomita, joto la hewa, mzigo, na joto la sehemu zote mbili.

Hapo kwenye kuandika tunawasihi msiwe wavivu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na skuta ni mali.

Kumbukeni kwamba joto la kava si joto la mkanda. Mkanda ulio ndani huwa na moto zaidi. Kwa hiyo msitafute namba moja ya kuwatosha wote, wala msijilinganishe na skuta ya jirani. Tafuteni mabadiliko katika skuta yenu wenyewe, mkitoa joto la hewa kwanza.

Tutoe mfano. Siku ya kwanza hewa ni nyuzi 31 na kava ni nyuzi 58. Tofauti ni 27. Miezi miwili baadaye, katika msimu wa baridi, hewa ni 25 na kava ni 52. Tofauti bado ni 27, na hakuna kilichobadilika. Wiki inayofuata hewa ni 25 lakini kava ni 62. Asiyeandika ataiona 62, ataikumbuka 58, na atasema ni kidogo tu. Aliyeandika ataona kwamba tofauti imetoka 27 hadi 37. Zimeongezeka nyuzi 10 nzima. Ikijirudia mara mbili kwa njia ileile na mzigo uleule, usisubiri mara ya tatu.

Sehemu hizi mbili pia humpa fundi pa kuanzia. Ikiwa ya mbele ndiyo iliyopanda, ataanza na sponji ya hewa, feni, rola na sahani za mbele. Ikiwa ya nyuma ndiyo iliyopanda, ataanza na klachi, puli ya nyuma, na breki inayokwama.

Asiye na kipimajoto kabisa asikate tamaa. Aweke mgongo wa kiganja karibu na kava pasipo kuligusa, kila siku mwisho wa safari ileile. Si kipimo sahihi, lakini mkono uliozoea huitambua siku isiyo ya kawaida.

Neno moja la usalama, nalo tunalisema kwa msisitizo: kamwe msiwashe injini kava likiwa limefunguliwa ili kutazama mkanda unavyozunguka. Kidole, ncha ya kanga au mkono wa shati ukinaswa pale, hakuna atakayewahi kuzima. Na mkanda ukikatika wakati kava halipo, vipande vyake huruka kwa nguvu. Wala msiendeshe skuta bila kava kwa kisingizio cha kuupoza mkanda, kwani kava ndilo linaloiongoza hewa ya feni mahali inapotakiwa.

Ukikuta joto limepanda

Ikiwa uko njiani na harufu imeanza, toka barabarani kwa utulivu, tafuta kivuli, zima injini, na uiache ipoe kwa dakika 20 hivi. Usimwage maji juu ya kava. Yakiingia ndani, mkanda utateleza zaidi, na ulichotaka kukiponya utakuwa umekiongezea maradhi. Ikiwa injini inanguruma na skuta haiendi, isukume. Mkanda unaochanika unaweza kujiviringisha kwenye puli na kulifunga gurudumu la nyuma.

Ukifika nyumbani, anza na yaliyo rahisi. Ikague sponji ya hewa ya mkanda, kwani mara nyingi kusafisha au kubadilisha sponji hiyo hurudisha joto mahali pake kwa gharama ndogo. Kagua upepo wa matairi na utazame kama breki ya nyuma inabana wakati hujaikanyaga wala kuishika.

Kisha jikague wewe mwenyewe. Je, unapakia mishikaki, watu watatu kwenye kiti cha wawili? Je, unaposimama mlimani huishikilia skuta kwa akseleta badala ya breki? Tabia hiyo huufanya mkanda na klachi viungue pamoja. Je, ulivuka maji ya mafuriko, kama yale ya Jangwani wakati wa masika? Maji yaliyoingia kwenye kava huufanya mkanda uteleze hadi ukauke. Baada ya kuvuka, nenda pole pole bila kuvuta akseleta kwa nguvu, na kama maji yalikuwa na tope, kava lifunguliwe na kusafishwa.

Ikiwa yote hayo ni sawa na joto halijashuka, mpelekee fundi skuta pamoja na daftari lako. Fundi mwema atafurahi kuliona.

Kununua mkanda mpya

Kitabu cha skuta hutaja kilomita za kubadilisha mkanda, na kwa aina nyingi ni kati ya 10,000 na 25,000. Fuateni kitabu chenu, na msingoje ukatike.

Mnapokwenda dukani, iwe Kariakoo au kwingineko, nendeni na namba ya spea kutoka kwenye kitabu au mkanda wa zamani mkononi. Mikanda mingi huandikwa vipimo vyake. Kwa mfano, 743-20-30 maana yake ni urefu wa milimita 743, upana wa milimita 20, na mteremko wa ubavu wa nyuzi 30. Kuna skuta za injini inayofanana kabisa ambazo moja hutumia mkanda wa 743 na nyingine wa 842, kwa kuwa kava zake hazilingani urefu. Usikubali kuambiwa kwamba huu unakaribiana na huo. Mkanda usiolingana hukaa vibaya kwenye puli na hupata moto tangu siku ya kwanza.

Ukague mkanda kabla ya kulipa. Sugua maandishi kwa kidole chenye unyevu. Soma tahajia ya chapa, herufi kwa herufi. Pinda mkanda kidogo utazame kama una nyufa, kwa maana hata mkanda halisi uliokaa juani dukani kwa muda mrefu huzeeka. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine iwe sababu ya kuuliza maswali.

Wakati wa kufunga, puli zisafishwe zikauke, pasiwe na tone la grisi wala petroli. Mkanda wenye mshale ufungwe kwa kufuata mshale. Usikubali mkanda upakwe mafuta au dawa yoyote ili usipige kelele. Kelele ni taarifa, na kuinyamazisha hakuuponyi mkanda. Kilomita za mwanzo ziendeshwe kwa upole, bila mzigo mzito, ili ubavu wa mkanda na sahani zizoeane.

Haki yako na ushahidi wako

Tulisema mwenzetu alikosa risiti. Dai risiti ya EFD kila unaponunua spea, na umwombe muuzaji aandike chapa na vipimo vya mkanda, asiishie kwenye neno «spea» peke yake. Piga picha ya kilomita zinazosomeka siku ya kufunga. Mkanda ukiharibika kabla ya wakati, mwombe fundi akurudishie vipande vyote. Ni mali yako, na ndio ushahidi wako wa kwanza. Daftari lako ni ushahidi wa pili, kwa kuwa linaonyesha kwamba skuta haikuwa ikipata moto kabla ya mkanda ule, na siku joto lilipoanza kupanda.

Rudi kwanza kwa muuzaji, kwa lugha ya heshima, ukiwa na vitu hivyo vinne: risiti, picha, vipande na daftari. Wauzaji wengi ni waungwana, na wengine nao wameuziwa bidhaa bandia bila kujua. Msipoelewana, peleka malalamiko kwa maandishi. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayouziwa. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ndiyo inayotumika dhidi ya bidhaa zenye chapa za kughushi. Tume ya Ushindani hushughulikia hayo, nalo Shirika la Viwango Tanzania hushughulikia masuala ya ubora. Yale maneno «mali ikishauzwa hairudishwi» yaliyobandikwa ukutani hayaigeuzi bidhaa bandia kuwa halali.

Ndugu zetu, hatukuja hapa kuwatia hofu juu ya skuta. Ni chombo chepesi, kinatumia mafuta kidogo, na kimewapa wengi wenu njia ya kufika kazini na kuwafikisha watoto shuleni. Tunachowaomba ni dakika moja mwisho wa safari, mara moja kwa wiki, na mstari mmoja katika daftari.

Mwenzetu yule sasa ana selotepu mbili nyeusi kwenye kava la skuta yake. Mwanawe ndiye anayeshika kipimajoto na kuisoma namba kwa sauti, naye mama huandika. Mwezi mmoja baadaye tofauti ilipanda. Walifungua sponji, wakaikuta imejaa vumbi jekundu la barabara inayojengwa mtaani kwao. Waliibadilisha, na wiki iliyofuata namba ilirudi ilikokuwa.

Sasa tuyapokee maswali yenu, na mwenye mkanda uliokatika nyumbani aulete siku nyingine tuutazame pamoja.